Mji wa Kuzeekea: Tulivyoitafuta Pwani Yetu, Kuanzia Bagamoyo Hadi Mikindani

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali la uchokozi. Wewe na mwenza wako mlipanga harusi yenu kwa miezi mingapi? Sita? Vikao vya kamati kila Jumapili, kadi za michango, ukumbi, keki, gari la maharusi, hata rangi ya vitambaa vya mezani ikajadiliwa mpaka watu wakanuniana. Sherehe yenyewe ikaisha usiku mmoja. Sasa niambie, ile miaka ishirini au zaidi mtakayoishi wawili baada ya kuacha kazi, mmeikalia vikao vingapi?

Najua utasema bado mapema, ndiyo kwanza uko kwenye thelathini na kitu, unahangaika na ada za watoto na mkopo wa gari. Hata sisi tulisema hivyo hivyo. Lakini siku hazigandi, na ukiacha kupanga, ndugu watakupangia.

Mimi na baba watoto tunaishi Mwanza. Yeye ni mwalimu wa sekondari, ana miaka 46. Mimi nina 41, nafanya kazi kampuni binafsi. Yeye kwao Bukoba, mimi kwetu Moshi. Hapo ukishasikia tu unajua ngoma iko wapi. Kwao kuna kibanja, kwetu kuna kihamba, na Mhaya na kibanja chake, Mchaga na kihamba chake, hao huwatenganishi hata kwa panga. Mashosti zangu walishatabiri zamani: uzeeni mtagawana, mzee kwao, mama kwao, mtaonana Krismasi. Ni utani, lakini nimewaona wazee wawili ninaowaheshimu sana wakiishia hivyo hivyo. Ndoa ya miaka 35, halafu mmoja anakufa mwenzake yuko mkoa mwingine, anapigiwa simu tu.

Basi tukakubaliana kitu. Kama hatuwezi kukubaliana kwako wala kwangu, tutafute mahali ambapo wote ni wageni. Baba watoto alianzia kazi Muheza, akakaa miaka miwili, na mpaka leo ukimtajia machungwa ya Muheza macho yanamng'aa. Mimi baridi ya Moshi imeshanishinda magoti. Pwani ikapita bila kupingwa. Swali likabaki, pwani ipi?

MASHARTI YETU MATANO

Kabla ya kupanda basi tuliandika masharti kwenye daftari. Moja, hospitali ya maana isiwe mbali zaidi ya nusu saa, maana mwenzangu ana presha na mimi sitaki kumkimbiza mtu usiku wa manane kwenye barabara ya vumbi. Mbili, maji baridi ya bomba, si kisima cha chumvi. Tatu, kiwanja kiwe na hati. Nne, sokoni tuende kwa miguu. Tano, ndugu waweze kutufikia bila kuuza ng'ombe.

Halafu tukaongeza kanuni moja ambayo nakushauri uibebe kama ilivyo: twende msimu mbaya. Mji wa pwani mwezi wa nane unapendeza kama bibi harusi. Mwone siku ya mvua, matope na mbu, ndipo utajua kama ni wako.

Na hesabu je? Hapo ndipo mapenzi yanapopimwa. Umri wa lazima wa kustaafu kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60, kwa hiari ni 55. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa PSSSF, sisi wa sekta binafsi tukabaki NSSF. Julai 2022 kikokotoo kipya kikaweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33. Kisha bajeti ya 2024/2025 ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wapate asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wapate asilimia 25. Kinachobaki kinakuja kidogo kidogo kila mwezi. Maana yake ni nini kwa watu wawili? Kwamba ule mkupuo si wa kujengea ghorofa la ufukweni. Unatosha nyumba ya kawaida, na mji unaouchagua lazima uendane na pensheni ya mwezi.

BAGAMOYO: JIRANI WA DAR

Tulianza na Bagamoyo, Desemba 2023, mwaka ule ambao mvua za vuli zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam. Mji una historia ya kutosha kukujaza kichwa: misheni ya Wakatoliki ya tangu 1868, magofu ya Kaole yaliyo karibu, majengo ya Wajerumani waliokuwa na makao yao makuu hapo kabla ya kuhamia Dar mwaka 1891. Jioni unasikia ngoma za wanafunzi wa TaSUBa, unakula samaki wa kukaanga pale ufukweni, unajisemea, kwani tunatafuta nini tena?

Kwa upande wa hospitali huna wasiwasi, Muhimbili unaifikia. Lakini bwana, ukaribu huo una bei yake. Watu wa Dar wameshafika. Kila dalali uliyekutana naye ana kiwanja "cha bichi kabisa", na bei anazotaja ni za mtu anayestaafu ubunge.

Mmoja akatupeleka mahali pazuri mno, minazi mitatu na mchanga mweupe. Baba watoto, si unajua walimu, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye alama ya maji yanapojaa. Hatua arobaini na kidogo, akasimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Dalali akacheka, akasema mbona wengine wamejenga. Mwenzangu akamjibu kwa upole, "Kaka, hao wengine hawana miaka sitini. Mimi nikibomolewa nikiwa na sitini, najenga tena lini?" Tukaagana vizuri.

PANGANI: MAHALI PA KUPENDA

Pangani ndipo mume wangu alipoponea, au niseme alipougulia. Mto umetoka huko Kilimanjaro na Meru, umetembea nchi nzima mpaka unakuja kumwaga maji yake ya udongo baharini mbele ya macho yako. Minazi, mashamba ya mkonge, nyumba za kale zenye milango ya nakshi, na watu wasio na haraka. Ndipo vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani ilipowaka mwaka 1888, na ndipo alipopigwa kitanzi Desemba 1889. Mwalimu wangu wa historia alikuwa anatembea mtaa mzima ananieleza kana kwamba mimi ni kidato cha pili.

Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni, upande wa pili. Daraja lilikuwa ndiyo linajengwa, sehemu ya barabara ya lami inayotakiwa kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Upande wa pili tukajibanza mvua kwenye kibanda cha bibi mmoja muuza maandazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mwatafuta nini na mvua yote hii?"

"Tunatafuta mji wa kuzeekea, bibi."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Uzee hautafutiwi mji, mwanangu. Hutafutiwa jirani. Siku umechelewa kuamka, nani atakugongea mlango?"

Nilitoa daftari pale pale nikaandika sharti la sita.

Usiku ule mume wangu alilala kama mtoto. Mimi sikulala. Pangani ina hospitali ya wilaya, lakini jambo likizidi unapelekwa Bombo, Tanga mjini, kama kilomita 50. Kesho yake tulipita barabara hiyo ikiwa kwenye ujenzi, matope mpaka magotini, basi linacheza sindimba, na kwa saa zaidi ya mbili nilikuwa namtazama mwenzangu nikijiuliza ingekuwaje kama ingekuwa ni usiku na yeye ndiye mgonjwa. Lami ikikamilika habari itakuwa nyingine. Lakini mimi sinunui kiwanja kwa barabara ambayo bado ni kifusi.

TANGA: WAJA LEO, WAONDOKA LEO

Msemo huo unaujua: Tanga, waja leo waondoka leo. Sisi tulifika leo, tukakaa siku nane.

Kwa kweli Tanga haikurukii shingoni. Ni jiji tangu 2005, lakini jiji la baiskeli. Barabara za Ngamiani zimepewa namba, hupotei. Asubuhi watu wako sokoni, jioni wako Raskazone wanapunga upepo wa bahari, na saa nne usiku kila mtu yuko kwake. Kwa kijana wa miaka 25 huo ni msiba. Kwa wazee wawili wenye presha na magoti ni neema.

Nikafungua daftari. Hospitali ya Bombo ni ya rufaa ya mkoa, na iko mjini. Maji ya bomba yapo. Soko lipo. Mkoa mzima una watu wapatao milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, kwa hiyo mafundi, mafamasia na mabasi havikosekani. Kasoro nazo hazijifichi. Joto la Februari halina adabu. Chumvi ya hewa inakula bati na nondo, kwa hiyo nyumba ya karibu na bahari inahitaji matengenezo mara nyingi kuliko ya Mwanza. Na bandari iliyopanuliwa, pamoja na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani, vimewaamsha wenye viwanja. Bei ya jana si ya leo.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Siku ya tatu sikutoka mapema kwa sababu nilikuwa na homa kidogo. Saa mbili kamili mlango ukagongwa, mama ameshika kikombe cha uji. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama. Hatukusema kitu, lakini wote tulimkumbuka yule bibi wa Bweni.

KUSINI: KILWA NA MIKINDANI

Ungedhani kazi imeisha. Lakini tulikuwa tumeahidiana kuiona na kusini, kwa hiyo Julai 2024, upepo wa kusi ukivuma, tukapanda basi la Mtwara.

Barabara ya kusini inapendeza tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Zamani watu walilala njiani wakisubiri kivuko. Lakini Mei 2024, miezi miwili tu kabla ya safari yetu, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo maeneo ya Kilwa na kusini ikatengwa na Dar kwa nchi kavu kwa siku kadhaa. Mtu wa umri wetu anacheka tu. Mtu wa miaka sabini anayesubiri dawa hacheki.

Kilwa Kisiwani usife hujaiona. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji huo, na tangu 1981 magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Unavuka kutoka Kilwa Masoko, unatembea kwenye msikiti mkuu, unakaa Husuni Kubwa unaiangalia bahari. Ila kwa kuishi, Masoko ni kimya mno kwetu, na hospitali ya wilaya iko Kivinje.

Mikindani sasa! Hapa nilishikwa mimi. Ghuba tulivu kama bakuli la maziwa, nyumba za mawe, boma la Wajerumani la mwaka 1895, mitaa myembamba ambayo Livingstone aliipita mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho. Samaki bei nafuu, korosho ndiyo usiseme. Mtwara mjini ni kama kilomita 10, kuna uwanja wa ndege, na kuna hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini. Masharti yangu manne yalipita hapo hapo. Nikaanza kupanga pazia kichwani.

SWALI LILILOKUWA LIMEFICHWA

Jioni ile tulikaa kwenye ukuta wa bahari, maji yanapwa. Nikamwambia, "Baba watoto, mimi hapa nimefika."

Akanyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Nikifia huku, mama yangu atanizika vipi?"

Mpenzi msomaji, katika kurasa zote za lile daftari, swali hilo halikuwemo. Mama mkwe wangu yuko hai, yuko kibanjani Bukoba, na mume wangu ndiye mtoto wake wa kiume wa kwanza. Kutoka Mikindani mpaka Bukoba ni kuvuka nchi kutoka pembe moja hadi nyingine, siku tatu za basi. Nikamwambia basi turudi Tanga. Hapo ndipo akasema lile lililokuwa limemkaa moyoni tangu Desemba: "Tanga ni karibu na kwenu. Wewe ukipanda basi asubuhi, jioni uko Moshi kwa mama yako. Tulisema mahali ambapo wote ni wageni. Mimi nitakuwa mgeni, wewe utakuwa jirani."

Nilikasirika, sitakudanganya. Lakini nilipotazama ramani kwenye simu, alikuwa anasema ukweli mtupu. Tanga hadi Moshi ni kama kilomita 350. Tanga hadi Bukoba ni siku mbili, ukiwa na bahati.

Tulibishana usiku ule na kesho yake yote, kwa sauti ya chini kwa sababu kuta za gesti ni nyembamba. Na tulipofika Dar kurudi Mwanza, tulikuwa tumefikia mapatano, ambayo tuliyaandika na kutia sahihi wote wawili.

Tumechagua Tanga. Lakini hatujengi Tanga mpaka nyumba ya mama Bukoba ikarabatiwe kwanza, kwa akiba yetu sote wawili, si ya kwake peke yake. Mwaka 2025 bati jipya lilipanda, na mama akapiga simu akiwa anaongea Kihaya kwa kasi ambayo sikuambulia hata neno moja, ila kicheko nilikielewa. Mdogo wake anaangalia migomba. Tukistaafu, mwezi mzima kila mwaka ni wa Bukoba, na nauli yake inakaa kwenye akaunti ya peke yake. Mume wangu ameandika wosia kwamba azikwe kibanjani. Mimi nimeandika nizikwe pale nitakapokuwa. Hatukulingana hapo, na tumekubali kutolingana.

KWA WEWE NA MWENZA WAKO

Kama nanyi mnaota upepo wa bahari, chukueni haya kutoka kwetu.

Kwanza, pangeni nyumba kabla ya kununua, na mkae angalau masika moja na kaskazi moja. Likizo ya wiki moja haikuonyeshi mji.

Pili, usimwamini dalali wala karatasi ya mauziano ya mtaani peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue kiwanja kimepimwa na hati ni ya nani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99.

Tatu, dada yangu, na wewe kaka, hati iandikwe majina yote mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini jina lako likiwa juu ya hati huna haja ya kuanza kujieleza mahakamani ukiwa bibi wa miaka sabini.

Nne, ongeeni na mafundi wa hapo kabla ya kuchora ramani. Wao ndio wanajua bati lipi halili kutu haraka na dirisha likae upande gani ili kusi na kaskazi zikupoze bila kiyoyozi.

Tano, muulizane swali la mazishi mkiwa wazima. Ndilo linalobeba maswali mengine yote: mama yako, ndugu zangu, kwenu, kwetu. Ukilikwepa sasa, litajibiwa na wajomba siku ambayo mmoja wenu hawezi tena kusema.

Likizo ijayo tunarudi Tanga, mwezi wa nne, katikati ya masika. Yule mama mjane ameshatuambia chumba kipo.